Vyombo vya Kuuzia Mayai na Safari Yake ya Kurudi

Yai la kuku ni miongoni mwa vyakula vichache ambavyo huja duniani vikiwa vimekwisha kufungashwa. Ganda lake, lenye unene wa milimita 0.3 hadi 0.4 tu, limejengwa kwa kalsiamu kaboneti, ile ile iliyomo katika mawe ya chokaa na katika makombe ya pwani, nalo hutosha kumhifadhi kifaranga chini ya uzito wa mama yake kwa muda wa siku 21. Laiti safari ya yai ingalikuwa ya kutoka tumboni mwa kuku hadi kiotani tu, isingalikuwapo haja ya chombo kingine.

Lakini yai la kuuzwa husafiri. Katika Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, mayai ya kuku wa kienyeji hukusanywa kutoka kaya za Mbozi, Ileje na Momba, kidogo hapa na kidogo pale, mpaka yafike katika masoko ya Vwawa, Mlowo na hasa Tunduma. Mji huo wa mpakani, unaotazamana na Nakonde ya Zambia, una walaji wengi wasiofuga: madereva wa malori wanaongojea nyaraka zao, wachuuzi, mama lishe, wakaanga chipsi, na abiria wa mabasi. Yai lililotagwa chini ya ghala la mahindi huko Mbozi laweza kupita mikono mitatu au minne, baiskeli moja, pikipiki moja na basi dogo kabla ya kuvunjwa juu ya kikaango.

Chombo kinachobeba mayai hayo aghalabu ni trei ya karatasi yenye mashimo 30. Trei ikilowa au ikichanika hutupwa. Ikiwa bado nzima hurudi kijijini kwenda kuchukua mayai mengine. Wapo wanaotumia trei za plastiki, wapo wenye ndoo iliyojazwa pumba, na wapo wenye kikapu. Kila mfugaji hupenda chombo kinachotumika mara nyingi, kwa sababu gharama ya chombo hula faida ya yai, na faida yenyewe ni ndogo. Aidha, tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, na yule mnunuzi wa mayai matano aliyezoea kutiliwa katika mfuko wa rambo hana budi kuja na chombo chake. Vifungashio vya plastiki vya mazao ya kilimo havikuingizwa katika marufuku hiyo, hivyo trei ya plastiki inaruhusiwa.

Je, chombo kipi kinafaa kutumiwa tena na tena? Swali hili huonekana kuwa la soko, lakini jibu lake limo katika fizikia, kemia na elimu ya viumbe, na katika elimu ya viumbe zaidi kuliko watu wadhanivyo.

KANI NA MTIKISIKO

Tuanze na kuvunjika, maana ndiyo hasara inayoonekana. Ganda zuri la yai huhimili kani ya takriban nyutoni 30 hadi 40 likibanwa polepole, yaani kama uzito wa kilo tatu au nne. Hiyo si haba kwa kitu chembamba namna ile, na siri yake ni umbo: ganda ni kuba, na kuba hutawanya mzigo pande zote, kama lifanyavyo tao la daraja. Ncha za yai zina mpindo mkali kuliko ubavu, kwa hiyo yai lililosimama huhimili zaidi kuliko yai lililolala.

Barabarani, hata hivyo, yai halibanwi polepole. Hugongwa. Chukua yai la gramu 50 ambalo pikipiki imelirusha likaanguka sentimita 10 tu, kimo cha tuta dogo la njia ya shamba. Nishati yake wakati wa kutua ni zao la tungamo, mchapuko wa mvutano na kimo: kilo 0.05 mara 10 mara mita 0.1, yaani jouli 0.05. Nishati hiyo lazima iishie mahali. Yai likitua juu ya ubao mgumu na kusimama ndani ya milimita moja, kani ya wastani ni jouli 0.05 zikigawanywa kwa mita 0.001, ambayo ni nyutoni 50. Ganda litapasuka. Yai lile lile likitua juu ya pumba zinazobonyea kwa sentimita moja, kani hushuka hadi nyutoni 5, nalo litabaki zima. Umbali wa kusimama umeongezeka mara kumi, na kani imepungua mara kumi. Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini inatosha kumweleza mwanafunzi kwa nini bibi yake hutandika nyasi kavu katika kikapu kabla ya kupanga mayai.

Jambo la pili ni mayai kugongana yenyewe kwa yenyewe. Magamba mawili hukutana katika eneo dogo mno, na eneo linapokuwa dogo kanieneo huwa kubwa. Ndiyo sababu trei ilibuniwa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1911, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, mchapishaji wa gazeti aitwaye Joseph Coyle alisikia ugomvi kati ya mkulima na mwenye hoteli juu ya mayai yaliyofika yamevunjika, akaenda akabuni kasha la karatasi ambalo kila yai lina chumba chake. Wazo ni hilo hilo hadi leo: kila yai likae peke yake, na lishikwe kwa mzunguko mpana badala ya nukta moja.

Hapa inafaa kutaja kosa linaloonekana mara nyingi sokoni. Trei ya mayai 30 ina safu tano upande mmoja na sita upande mwingine. Inapopangwa juu ya nyingine lazima igeuzwe robo mzunguko, ili vinundu vyake vikae juu ya vinundu vya trei ya chini na kubeba uzito. Asiyeigeuza huiona ikizama ndani ya mwenzake, na hapo uzito wote wa trei za juu hulala juu ya magamba. Trei moja ya mayai ya kienyeji, ambayo kila moja huwa na gramu 40 hivi, hubeba kilo 1.2, kumi zikipandana, mayai ya chini yanaelemewa na zaidi ya kilo 10. Wakati mwingine barabara hulaumiwa kwa kosa la mpangaji.

YAI HUPUMUA

Ganda si ukuta mzima. Lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, kati ya 7,000 na 17,000, ambavyo kifaranga angevitumia kuvuta oksijeni na kutoa hewa ya kaboni. Yai lisilo na kifaranga nalo huvitumia: mvuke wa maji hutoka, kaboni dayoksaidi hutoka, na hewa huingia. Ute wa yai bichi lililotagwa leo una pH ya takriban 7.6, kadiri kaboni dayoksaidi inavyotoroka, ndani ya siku chache pH hupanda kupita 9, na ute huwa mwepesi kama maji. Chumba cha hewa kilichoko upande butu hukua. Ndiyo maana yai la zamani huelea majini na jipya huzama, jaribio ambalo kila mnunuzi wa Tunduma analijua bila kuwa amesoma kanuni ya Archimedes.

Chombo basi lazima kiliache yai lipumue, lakini kisilikaushe. Mfuko wa nailoni uliofungwa, au ndoo iliyofunikwa mfuniko wa kukaza, hukusanya mvuke. Uwanda wa Mbozi ni wa juu na una usiku wa baridi, ilhali bonde la Ziwa Rukwa upande wa Momba na Songwe ni la chini na lina joto kali. Mayai yaliyolala mahali pa baridi yakipelekwa asubuhi kwenye joto na unyevu huota jasho: mvuke uliomo hewani huganda juu ya ganda baridi na kuwa matone. Ganda kavu ni kizuizi kizuri dhidi ya bakteria. Ganda lenye maji ni njia. Kuku, anapotaga, hulipaka yai utando mwembamba unaokauka na kuziba vitundu vingi. Utando huo ukioshwa au kusuguliwa, mlango umebaki wazi.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa nchi mbalimbali hawakubaliani juu ya kuosha mayai. Nchini Marekani mayai ya viwandani huoshwa na kisha huwekwa katika baridi mpaka yauzwe. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mayai ya daraja la kwanza hayaruhusiwi kuoshwa. Kwa mfugaji asiye na jokofu, njia ya Ulaya ndiyo yenye busara. Zaidi ya hayo, yai lenye uvuguvugu likitumbukizwa katika maji baridi, vilivyomo ndani husinyaa na kufyonza maji machafu kupitia vitunduni. Kiota safi na chombo safi hufanya kazi ambayo maji hayawezi kuifanya.

TREI TUPU SI TUPU

Mpaka hapa chombo kimetazamwa katika safari moja tu, ya kwenda sokoni. Chombo cha kutumika tena kina safari mbili, na ya pili ndiyo isiyofikiriwa. Trei inayorudi kijijini haina mayai, lakini kuiita tupu ni kukosea.

Fikiria mkusanyaji wa mayai anayepita kaya kwa kaya. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kisha hutaka kuatamia, hivyo kaya moja haijazi trei kwa urahisi. Mkusanyaji huchukua sita hapa, tisa pale. Trei yake huwekwa chini katika uwanja ambamo kuku wanadonoa, hupokea yai lenye chembe ya kinyesi, hufungwa juu ya baiskeli, huwekwa chini katika uwanja wa pili, na wa tatu. Huko sokoni hukutana na trei za vijiji vingine na matenga ya kuku walio hai. Keshokutwa inarudi katika uwanja ule wa kwanza. Lau mtu angepewa kazi ya kubuni chombo cha kusambazia maradhi ya kuku katika wilaya nzima, ni shida kuona angebuni kipi bora kuliko hicho.

Maradhi yanayohusika hasa ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na vilevile katika mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza, ambao uliupa jina lake la kitaalamu. Virusi vyake hukaa katika kinyesi na makamasi ya kuku mgonjwa, na vyaweza kudumu siku nyingi katika kinyesi kilichoko mahali pa baridi na kivuli. Kuku aliyeambukizwa hukaa siku 2 hadi 15 kabla ya kuonyesha dalili, naye huweza kuanza kutoa virusi angali akionekana mzima. Kisha hupumua kwa shida, huharisha kijani, hupinda shingo, hufa. Katika kundi lisilochanjwa, aina kali ya virusi huweza kuua karibu kuku wote. Kaya iliyokuwa na kuku ishirini asubuhi ya Jumatatu, ambao ndio daftari na sare na nauli ya mtoto wa sekondari, hubaki na wawili Jumapili, na wenyeji husema upepo mbaya umepita. Upepo huo mara nyingine ulikuja juu ya baiskeli, na chembe ya virusi ikiwa imekauka katika shimo la trei.

Bakteria wa Salmonella nao hufuata njia hiyo hiyo, isipokuwa wao huweza kumdhuru pia mlaji. Yai likipikwa mpaka kiini kigande, hatari hupungua sana. Lakini mtoto aliyeshika trei chafu na kisha akala embe bila kunawa hakupikiwa chochote.

Chanjo ipo. Chanjo ya I-2, ambayo mbegu yake ilikuzwa katika Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu, huhimili joto kuliko chanjo za zamani. Hapa nchini hutengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, na hutolewa kwa tone moja jichoni, ikirudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Hakuna chombo cha mayai kinachoweza kuchukua nafasi ya chanjo. Lakini na chanjo haiondoi haja ya usafi: kuku aliyechanjwa haugui, ila bado anaweza kuambukizwa na kutoa virusi kwa jirani asiyechanjwa. Na vifaranga wa jirani, mara nyingi, hawajachanjwa.

Kwa mji wa Tunduma kuna jambo jingine, nalo ni mpaka. Tangu Oktoba 2019 Tanzania na Zambia zina kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kati ya Tunduma na Nakonde. Kuku na mayai hayavuki kihalali bila kibali cha mifugo, na sababu yake ni hiyo ya maradhi. Mwaka 2017 homa ya mafua ya ndege ilipogunduliwa Uganda, nchi za jirani zilifunga milango kwa haraka. Kila mtu anaelewa kwamba kifaranga anaweza kuwa mgonjwa. Trei iliyorundikwa juu ya mkokoteni haina dalili wala haikohoi, na ni rahisi kuipuuza.

VYOMBO VYENYEWE

Sasa vyombo vyaweza kupimwa kwa haki. Kipimo cha kwanza ni kani, cha pili ni pumzi, na cha tatu, ambacho wauzaji hawakitaji, ni kama chombo kinaoshika.

Trei ya karatasi hufaulu vizuri katika vipimo viwili vya kwanza. Hubonyea kidogo, hupitisha hewa, na hufyonza jasho la yai. Katika kipimo cha tatu hushindwa kabisa, na kushindwa kwake kumo katika maumbile yake. Karatasi ni nyuzi za selulosi zilizoshikamana kwa vifungo vya haidrojeni. Molekuli za maji huingia kati ya nyuzi, huvichukua vifungo hivyo, na trei hulegea kama ugali uliozidi maji. Huwezi kuiosha bila kuiharibu, na ute wa yai lililovunjika humo hubaki kuwa chakula cha bakteria. Watu huianika juani, jambo ambalo lina faida kiasi, kwa kuwa mionzi ya urujuanimno huua vijidudu vya juu juu, ila haifiki ndani ya mashimo wala chini ya kinyesi. Trei ya karatasi, kwa hiyo, ingefaa isafiri upande mmoja tu: kutoka kwa mfugaji kwenda kwa mlaji, na huko iishie katika shimo la mboji, ambamo huoza bila taabu. Ikiwa lazima irudi, basi irudi kwa mfugaji yule yule ambaye mayai yake ilibeba, na iwe haijachafuka.

Trei ya plastiki, ambayo kwa kawaida ni ya polipropilini au poliethilini, haifyonzi maji. Uso wake laini huachia uchafu, na haiharibiki kwa maji ya moto. Virusi vya kideri vina gamba la mafuta ambalo sabuni hulivunja, na joto la nyuzi 60 za Selsiasi kwa nusu saa huvimaliza. Utaratibu wa kuosha ni rahisi, lakini mpangilio wake una maana: kwanza sugua kwa maji na sabuni mpaka uchafu wote utoke, ndipo utumbukize katika maji ya klorini yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa chupani, kwa dakika 10 au zaidi, kisha ukaushe. Anayeanza na klorini juu ya kinyesi anapoteza fedha, maana kinyesi huila klorini kabla haijavifikia vijidudu. Trei hizi zina udhaifu wa aina mbili. Ni ngumu kuliko karatasi, hivyo katika njia mbaya zinahitaji kitambaa au gunia chini yake. Na jua la nyanda za juu, ambalo ni msaada siku ya kuzikausha, huikata minyororo ya plastiki zikiachwa nje miezi na miezi, zikawa za kukatika kama kuni. Zikikauka ziingizwe ndani.

Je, bei yake inalipa? Tuseme kwa mfano trei ya plastiki inagharimu mara kumi ya trei ya karatasi, na trei ya karatasi inavumilia safari mbili. Plastiki italingana na karatasi katika safari ya 20. Kwa mtu anayekwenda sokoni mara mbili kwa juma, hiyo ni wiki kumi. Gharama ya sabuni na maji iongezwe, na pale maji yanapochotwa mbali isichukuliwe kuwa ndogo. Upande wa pili ihesabiwe hasara ya mayai yaliyovunjika. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi bei halisi za soko lao, na majibu ya Vwawa hayatakuwa sawa na ya Kamsamba.

Kikapu na tenga la mianzi, lile ambalo katika nyanda za juu za kusini hubebea nyanya, hupitisha hewa vizuri na hubonyea vizuri. Kusuguliwa husuguka, ila nyufa kati ya fito huhifadhi uchafu, na ukaushaji huchukua siku. Kasha la mbao ni imara kwa kupandanisha, lakini ubao mbichi hunywa kinyesi kilicholowa. Likipakwa rangi ya mafuta ndani huoshika afadhali. Haya mawili hayahitaji maneno mengi.

Chombo kinachostahili heshima kubwa kuliko kinayopewa ni ndoo ya plastiki yenye pumba. Wachuuzi wengi wameiacha kwa kuiona ya kishamba, na hilo ni jambo la kusikitisha. Bonde la Kamsamba hulima mpunga, na pumba zake ngumu hupatikana kwa bei ndogo kila baada ya mavuno. Kwenye uwanda wa Mbozi maganda makavu ya kahawa na maranda ya mafundi seremala hufanya kazi hiyo hiyo. Hutandikwa pumba kwa kina cha vidole vinne, mayai husimamishwa ncha nyembamba ikiwa chini na yasigusane, hufunikwa kwa pumba, na tabaka jingine huwekwa juu. Kila yai limeshikwa pande zote, na hesabu ya nyutoni 5 iliyotajwa juu ndiyo hesabu yake. Kinywani mwa ndoo hufungwa kitambaa, si mfuniko.

Ubora wa ndoo na pumba si ulaini peke yake. Katika trei, sehemu inayobeba uzito na sehemu inayogusa yai ni kitu kimoja. Sehemu ya pili ikichafuka, yote imechafuka. Katika ndoo sehemu hizo mbili zimetengana. Pumba, ambazo ndizo zilizogusa ganda na kinyesi, hazirudi: hubaki sokoni, au huchomwa, au huzikwa. Ndoo, ambayo ndiyo yenye gharama, huoshwa kwa dakika tano na kurudi. Pumba za kutumiwa mara ya pili huharibu faida hii yote, na pumba zenye unyevu huota kuvu ambao harufu yao huingia katika yai. Udhaifu wa ndoo ni kwamba mnunuzi haoni mayai kwa jicho moja na kuyahesabu huchukua muda, jambo ambalo mwenye duka la jumla hulipenda trei kwa sababu yake. Kwa kaya yenye mayai 12 au 20 ya kupeleka, hilo si tatizo.

Panapotumika trei za plastiki, hila moja ndogo husaidia kuliko dawa nyingi: kila kaya iwe na zake, zenye alama ya rangi isiyofutika, na mkusanyaji azirudishe hapo hapo. Kaya ikiwa na trei tatu, moja huwa njiani, moja sokoni, na moja imeoshwa na inakauka. Mfumo huu si mgeni. Kila mwenye duka amewahi kulipa amana ya chupa za soda, na kreti lenye chupa 24 hurudi kiwandani kwa sababu lina thamani ya fedha mkononi mwa anayelishika. Huko kiwandani chupa haijazwi kabla ya kuoshwa. Amana ya namna hiyo juu ya trei ingewafanya wanunuzi wa Tunduma wazirudishe. Ni muhimu tu mahali pa kuoshea pajulikane, na pawe kabla ya mlango wa mfugaji. Mkusanyaji akabidhiwe mayai njiani au barazani, si katika uwanja wa kuku.

JARIBIO LA DARASANI

Shule yenye mizani ya maabara inaweza kuyapima haya kwa juma moja. Kata kipande cha trei ya karatasi chenye sentimita 10 kwa 10, na kipande cha trei ya plastiki cha ukubwa huo huo. Vipime, vilowe majini dakika tano, vikung'ute mara tatu, vipime tena, kisha uvipime kila saa vikiwa kivulini. Mchoro wa uzito dhidi ya muda utaonyesha ni saa ngapi karatasi hubaki na unyevu unaowafaa bakteria, na ni dakika ngapi kwa plastiki.

Kwa jaribio la pili tafuta mayai 12 yaliyotagwa siku moja, na uyapime moja moja. Manne yawekwe katika trei ya karatasi, manne katika ndoo ya pumba iliyofungwa kitambaa, manne katika mfuko uliofungwa kabisa. Yapimwe kila siku saa ile ile kwa siku saba, na joto la chumba liandikwe. Siku ya nane yatumbukizwe katika maji, na wanafunzi watazame pembe ambayo kila yai linasimama nayo. Mikono inawiwe kwa sabuni kila mara baada ya kuyashika, na mayai yaliyomo katika mfuko yasiliwe.